Mpanda Pikipiki wa Peke Yake na Haki za Waliobaki Nyumbani



Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa akina mama ni hili: mume, au kijana wa nyumbani, anafanya kazi bara. Ifikapo siku ya mapumziko hupanda pikipiki yake peke yake, akaenda masafa marefu kutazama nchi na kula katika hoteli ndogo ya mji wa mbali, kisha akarudi. Je, huo si upuuzi? Na je, si hatari? Hayo ni maswali mawili, na kila moja lina jibu lake.

Ama la kwanza, kuiburudisha nafsi kwa halali si upuuzi. Salman Al-Farisi (R.A.) alipomkuta Abu Dardaa (R.A.) amezama katika ibada hata amemsahau mkewe, alimfunza kuwa Mola ana haki, nafsi ina haki na jamaa pia wana haki, na kila mmoja apewe yake. Mtume (S.A.W.) aliyathibitisha maneno hayo. Basi mtu aliyefungika kazini wiki nzima, akatamani upepo na mandhari, ameidai haki ya nafsi yake.

Na nchi yenyewe inastahiki kutazamwa. Tuichukue njia ya kutoka Kibwezi, katika kaunti ya Makueni, hadi mji wa Kitui. Zamani ilikuwa ya vumbi; leo ni lami. Mpandaji huiacha barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, vilima vya Chyulu vikabaki nyuma yake, akapita baina ya mibuyu mikubwa, akavuka mto Athi, kisha akapanda uwanda wa juu wa Yatta. Uwanda huo ni mwamba ulioyeyuka kwa moto wa volkano zama za kale, ukatiririka kama mto kisha ukaganda, na urefu wake hukaribia kilomita 300. Mwenye kuzingatia hapati hapo ila kumtukuza Muumba. Baada yake ni Ikutha, kisha Mutomo, na mwisho Kitui.

Huko humngoja sahani ya muthokoi. Wakamba huyatwanga mahindi kinuni kwa maji kidogo hata ganda la juu litoke, wakayapika taratibu pamoja na kunde, maharagwe au pojo, ambazo wao huziita ndengu. Ni ndugu wa pure ya kwetu pwani, ila ni laini zaidi mdomoni. Mwislamu na aulize kwa adabu kama kimetiwa nyama au supu yake, na ni nani aliyechinja. Kuuliza si kumtweza mwenyeji; wenye hoteli wamezoea wageni, na mama mpishi hufurahi kumweleza mgeni alichokipika. Shaka ikibaki, chakula kisicho na nyama kinatosha, na baraka imo.

Ama swali la pili, la hatari, hapo akina mama wana haki ya kusikilizwa. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Umar (R.A.) hadithi inayomtahadharisha mpandaji asisafiri usiku peke yake. Wanavyuoni wameeleza kuwa makusudio yake ni kuilinda nafsi: aliye peke yake akianguka hana wa kumwinua, na akiugua hana wa kupeleka habari.

Nchi hiyo hiyo ina ushahidi. Krapf, mmisionari wa Kijerumani aliyekaa Rabai, alifika Kitui mwaka 1849 kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba, na huko akauona Mlima Kenya. Mwaka 1851 walisafiri pamoja kuelekea mto Tana. Msafara ukashambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake nyikani. Kwa kukosa chombo cha maji, aliyatia katika mitutu ya bunduki yake. Alinusurika, lakini kwa njaa na kiu kali. Lami imeifupisha njia ile. Jua la Ukambani halikupungua.

Kwa hiyo wake na akina mama, badala ya kukataza kwa hofu, shikilieni masharti. Aondoke baada ya Alfajiri na arejee kabla ya Magharibi, kwani usiku ng'ombe, mbuzi na hata wanyama wa mwituni hukatiza njia. Avae kofia ngumu na koti linaloakisi mwanga. Sheria ya Kenya inayataka hayo, na sheria yetu ya kuihifadhi nafsi iliyataka kabla yake. Achukue maji ya kutosha, na ajaze tangi Kibwezi. Aseme anapita wapi, apige simu Ikutha, Mutomo na Kitui, wala simu isiguswe pikipiki ikiwa mwendoni. Asome dua ya kipando iliyomo katika Surat Az-Zukhruf. Masafa yale ni zaidi ya kilomita 100, basi anayo ruhusa ya kupunguza sala. Hana ruhusa ya kuiacha.

Nanyi waume na vijana, msiione simu ya mke au mama kuwa ni upelelezi. Anayepanda peke yake hubeba nyuma yake watu wasioonekana: watoto wanaongoja ada ya shule, mzazi anayengoja dawa, mke aliyeweka chakula mezani. Roho anayoichezea kwa mwendo wa kasi ni amana yao pia. Akipunguza mwendo penye kona, amewapa haki yao. Na akiitua pikipiki Kitui, akala, akamshukuru Mola, ameipa nafsi yake haki yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu wote, na awarudishe kwa jamaa zao na afya na furaha. Amin.

Wabillahi tawfiq.