Kubadilisha nusu ya maji ya pisini Kipushi: kemia yenye kutuliza maji

Tangu niseme mu kikundi kwamba ninatunza mabwawa ya kuogelea, ile tunaita pisini, swali linarudi kila wiki: mutu akitosha nusu ya maji na kuweka mapya, juu ya nini maji yanakuwa meupe kama maziwa, ama macho ya watoto yanawaka? Leo nitajibu kwa pisini moja ya hapa kwetu Kipushi. Wenye kusoma kemia watanisamehe nikirudilia mambo ya mwaka wa kwanza.

Pisini yenyewe ina mita 10 kwa 5, na kina cha wastani mita 1,5. Hiyo ni mita kyubu 75. Shika hii hesabu, itarudi.

Kwanza, juu ya nini kutosha maji? Vile vidonge vikubwa vyeupe vya klori, batu wanavipenda sana: unatupa mu kikapu, unaenda. Lakini kila kidonge kinabeba pia asidi sianuriki, ile wauzaji wanaita stabilizanti. Kazi yake ni kulinda klori na jua. Klori inatumika na kuisha, stabilizanti inabaki. Kila miligramu 10 za klori kwa lita zikipita, stabilizanti inapanda karibu 6. Miaka inapita na namba inapanda tu, mpaka klori inakuwa kama mutu amefungwa kamba: kipimo kinaonyesha iko, lakini mikrobi hazifi upesi. Hapa tulikuta 110. Mimi ninapenda 30 mpaka 50. Dawa ya kuipunguza yenye ninaaminia ni moja: kutosha maji.

Papa mwenye nyumba alitaka mambo ya haraka. “Mutoto yangu, tosha yote, weka mapya, mambo iishe.” Nilimwambia, “Papa, apana, tuko mwezi wa pili.” Mwezi wa pili kwetu mvua inanyesha bado, udongo umejaa maji. Pisini ikiwa imejaa, uzito wa tani 75 unaikalia chini. Ukiikausha, inabaki kama mutumbwi wa simenti, na maji ya chini ya udongo yanaweza kuisukuma juu mpaka ipasuke. Watoto wa Kipushi hatuhitaji kufundishwa nguvu ya maji ya chini: mgodi wetu, uliofunguliwa wakati wa Union Minière mu 1924 na kusimama mu 1993, ulijaa maji mu 2011 pampu ya chini ilipokufa, na uzalishaji ulirudi mu 2024 tu. Papa alinyamaza kidogo, akakubali nusu.

Sasa, kosa la wengi ni kupima maji kisha kujaza. Pima maji ya foraji MBELE ya kutosha hata ndoo moja. Hapa tunakaa juu ya mawe ya Kakontwe, chokaa na dolomiti. Maji yanapita ndani yake, yanabeba kalsiamu, manyeziamu na bikaboneti. Njo ile kitu nyeupe inashika mu birika ya mama. Ukijua namba za pande mbili, jibu la nusu kwa nusu ni wastani tu. Alkalini ya pisini ilikuwa 140, ya foraji 320: tukategemea 230. Stabilizanti 110 na sifuri: 55. Ugumu wa maji 450 na 350: 400. Tulipopima kisha kujaza, namba zilikuwa karibu ileile. Hii hesabu ya primeri inaokoa makuta mingi ya bidhaa.

Angalisho moja kwa wenye kununua vipimo. Vyenye kutoka Afrika ya Kusini vinasoma miligramu kwa lita. Vyenye kutoka Ufaransa ama Ubelgiji mara nyingi vinasoma digrii za Kifaransa, na digrii 1 ni miligramu 10. Mutu anasoma 23, anafikiri alkalini iko chini, anamwaga bikaboneti mufuko muzima mu maji yenye tayari yana 230. Njo maziwa hayo.

Bon, alkalini ni nini? Ni uwezo wa maji kukataa kubadilika pH. Ikiwa ndogo, pH inaruka-ruka. Ikiwa kubwa kama yetu, gesi ya kaboni inatoroka polepole na pH inapanda kila siku, 7,8, 8,0, hata kama haukugusa kitu. Na pH ikipanda juu ya maji magumu, chokaa inaganda kwenye kuta na mu filtri. Profesa Langelier wa Chuo Kikuu cha California alitoa hesabu ya jambo hili mu 1936, akiwaza mabomba ya miji, si pisini. Leo watunzaji wa pisini dunia nzima wanaitumia. Maana yake kwetu: kalsiamu ya 400 hautaitosha, kwa hiyo shusha alkalini na ushike pH chini, 7,2 mpaka 7,5.

pH inagusa klori vilevile. Karibu na 7,5, nusu ya klori huru iko mu sura yenye kuua mikrobi kwa nguvu. Kwenye 8, inabaki robo hivi. Stabilizanti inabadilisha hesabu, lakini mwelekeo ni uleule.

Kushusha alkalini tulitumia asidi kloridriki ya asilimia 33. Kwa mita kyubu 75, lita 1 inashusha alkalini karibu 7. Kutoka 230 mpaka 120 ni lita 16 hivi. Haumwagi zote! Lita 2 asubuhi, lita 2 magaribi, pampu ikizunguka, siku ine. Kila lita 2 ziliteremsha pH kutoka 8,0 mpaka karibu 7,4 ama chini yake. Katikati tuligeuza midomo ya maji iangalie juu, irushe mapovu: hewa inafukuza gesi ya kaboni, pH inapanda yenyewe, alkalini haipandi. Unashusha tena. Umeme ukikatika, unangojea; asidi yenye haizunguki inalala chini na kukula simenti.

Mutu atauliza: na asidi sulfuriki, yenye inapita kila siku mu makamyo kuenda viwandani? Usiguse. Sulfati zinakula simenti, na ile ya kiwanda inaweza kubeba metali.

Kuhusu metali, kuna jaribio la bure. Chota ndoo nyeupe ya maji ya foraji, weka kijiko cha Javel, acha usiku. Ikibaki safi, endelea. Ikigeuka rangi ya chai, ni chuma ama manganezi, na klori ingefanya vile pisini nzima. Ndoo yetu ilibaki safi, kwa hiyo tangu usiku wa kwanza tuliweka Javel kidogo ili mwani usiote, saa nyingi mbali na asidi.

Hapa nasema kwa ukali, juu nyuma ya ile nyumba kuna kijana wa miaka 19 mwenye kubeba ndoo, na alikuwa anafanya kazi mikono wazi. Asidi na Javel vikikutana, inatoka gesi ya klori, ileile waliyotumia kule Ypres, Ubelgiji, mu 1915. HTH ya unga na vile vidonge vya stabilizanti vikichanganyika, hata mu kopo moja lenye unyevu, vinaweza kuwaka moto ama kulipuka. Kopo mbalimbali, kijiko mbalimbali. Asidi ndani ya maji, si maji ndani ya asidi. Glovu na miwani nilizihesabu mu devi, mustari wa kwanza, mbele ya kazi yangu mwenyewe. Papa alilipa bila kubishana.

Siku ya tano: pH 7,3, alkalini 118, stabilizanti 55. Kwa stabilizanti hiyo, klori huru tunaishika karibu 4. Kutoka sifuri, mita kyubu 75 zingeomba gramu 300 za klori safi, ni kusema gramu 460 za HTH ya asilimia 65. Lakini HTH inaongeza kalsiamu, na sisi tunayo ya kutosha, kwa hiyo tumebaki na Javel, kila magaribi jua likishuka. Vidonge tumeviweka mbali, kwa siku za safari tu.

Watoto waliingia siku ya sita. Kijana sasa anapima pH kila asubuhi na kuandika mu kaye. Wiki mbili za kwanza ilipanda 0,1 hivi kwa siku, na lita 1 ya asidi kila kisha siku tatu ilitosha.