Bustani ya shule si mahali pa adhabu

Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, na kilimo kikarejea katika ratiba ya shule za msingi, walimu kadhaa wa mitaa ya Eastlands niliowahi kuwafundisha isimu chuoni walinijia na swali moja: "Tutalima wapi, Mwalimu?" Walikuwa na haki ya kuuliza. Aliyewahi kuzuru shule za Kayole, Umoja, Dandora na Kariobangi anajua jinsi zilivyobanwa. Madarasa yamesongamana, uwanja ni changarawe tupu, na nyuma ya ukuta yamesimama majumba ya ghorofa sita au saba yanayolificha jua kabla ya saa tisa alasiri. Katika mitaa ya kale kama Kaloleni na Bahati, iliyojengwa kabla ya uhuru, nafasi ingalipo kidogo. Kwingineko ardhi ya shule hulindwa kama dhahabu, na bado huibwa.

Sitii chumvi. Mnamo Januari 2015 taifa zima lilishuhudia watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road wakirushiwa vitoa machozi na polisi kwa kosa la kuandamana kutetea uwanja wao. Hiyo si shule ya Eastlands, lakini hakuna mwalimu wa Eastlands aliyezitazama picha zile asiwaze kuhusu ua wake mwenyewe. Pembe ya kiwanja isiyo na matumizi humtamanisha mnyakuzi. Pembe iliyopandwa mboga, yenye vibao vya majina ya watoto na wazazi wanaopita kuitazama kila jioni, ina mashahidi. Marehemu Profesa Wangari Maathai alilielewa jambo hili mapema. Miti saba iliyolizindua vuguvugu lake tarehe 5 Juni 1977 ilipandwa papa hapa Eastlands, katika bustani ya Kamukunji.

Hata hivyo, kabla ya kuhimiza bustani za shule hatuna budi kukiri kwamba watu wengi wa rika langu walitoka shuleni wakiichukia jembe. Nilisoma shule ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 1990, chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 na uliokifanya kilimo kuwa somo la kutahiniwa. Tulikariri aina za udongo na majina ya magonjwa ya kuku. Shamba la shule lilikuwapo, ila tulilijua kwa njia moja tu: aliyechelewa kufika alilima, aliyezungumza lugha ya mama alilima, aliyefeli hesabu alilima. Mwanafunzi bora hakuwahi kushika jembe. Walimu wetu hawakuyasema hayo kwa maneno, lakini tuliyaelewa barabara: kalamu ni tuzo, jembe ni adhabu. Leo, nikikutana na wenzangu wa wakati ule, wengi wana mashamba waliyorithi vijijini ambayo hawajayakanyaga kwa miaka.

Mzizi wa tatizo hili ni mrefu. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika Mashariki na kupendekeza Mwafrika apewe elimu inayoelekea ukulima na kazi za mikono. Mwaka uliofuata Chuo cha Jeanes kikafunguliwa Kabete. Wazee wetu waliitilia shaka elimu ya namna hiyo, nami siwalaumu hata kidogo. Waliona dhahiri kwamba watoto wa walowezi hawakufundishwa kupalilia. Jirani zetu wa Tanzania walijaribu kuigeuza maana hiyo pale Mwalimu Nyerere alipochapisha Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akitaka shamba liwe sehemu ya masomo yenyewe, na wanafunzi washiriki katika kupanga, kuamua na kuhesabu mapato. Lilikuwa wazo adhimu. Lakini kadiri miaka ilivyosonga, katika shule nyingi mpango na hesabu vilibaki kwa wakubwa, na jasho likabaki kwa watoto.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa walimu ni dogo na halina gharama: mwanafunzi yeyote asipelekwe bustanini kama adhabu. Akikosea, tafuteni njia nyingine ya kumrudi. Isitoshe, lugha yetu imetupa maneno mawili, na si kwa bahati. "Shamba" katika masikio ya Wanairobi lina mwangwi wa kazi ya kijakazi, tangu enzi ambapo mtu mzima aliitwa "boi" katika ua wa mzungu. "Bustani" ni neno lililotufikia kutoka Kiajemi kupitia Kiarabu, nalo hubeba kivuli, harufu nzuri na mapumziko. Mtoto atakayeambiwa "twende bustanini" atakwenda kwa mwendo tofauti.

Narudi sasa kwenye swali la wapi. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wakazi wengi wa vitongoji vya Nairobi walijifunza kulima ndani ya magunia. Utaratibu wake ni mwepisi. Gunia husimamishwa, katikati hujengwa nguzo ya kokoto ya kupitishia maji, pembeni hujazwa udongo uliochanganywa na mbolea ya samadi, kisha ubavuni hutobolewa matundu ya kupandia miche. Gunia moja huchukua miche kadhaa ya sukuma wiki au mchicha katika nafasi isiyozidi ya meza ya mwalimu. Jua likihama, nalo huhamishwa, ilmradi wapatikane wavulana wanne wenye nguvu.

Gunia lina faida nyingine katika mitaa yetu, na hapa naomba wasomaji wasome polepole. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilichapisha uchunguzi kuhusu jaa la taka la Dandora. Kati ya watoto na vijana 328 waliopimwa kutoka maeneo ya karibu na jaa hilo, takriban nusu walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubalika kimataifa wakati huo. (Kiswahili kimeipa metali hii jina lile lile la kitu kitokacho katika mtutu wa bunduki, na katika habari hii sioni sababu ya kulalamikia utata huo.) Risasi haiozi wala haivukizwi na jua. Hukaa udongoni, hupeperuka na vumbi, hushika katika majani ya mboga, na huathiri ubongo wa mtoto. Shule iliyo karibu na jaa, karakana za jua kali, mahali panapochomwa betri na nyaya, au kando ya Mto Nairobi na Mto Ngong ambako maji taka hutiririka, isichimbe tu ardhi iliyo miguuni pake na kupanda. Udongo upimwe kwanza. Maabara za utafiti wa kilimo za Kabete hupima udongo, ila uulizeni mahususi upimaji wa metali nzito, kwa maana kipimo cha kawaida cha rutuba hakitawaambia lolote kuhusu sumu. Pasipo uwezo wa kupima, letwe udongo kutoka mahali salama, ujazwe magunia, na mboga zioshwe vizuri kwa maji safi. Bustani inayomlisha mtoto risasi ni afadhali isiwepo.

Sasa niingie katika uwanja wangu mwenyewe. Darasa la Eastlands ni hazina ya lugha isiyopatikana kijiji chochote. Chukueni mmea mmoja ule mweusi wa vitunda, ambao wataalamu wa Kiswahili sanifu huuita mnavu. Mtoto wa Kikuyu huujua kwa jina la managu, wa Kijaluo osuga, wa Kiluhya lisutsa, wa Kikisii rinagu. Mgagani nao ni saget kwa Wakalenjin, chinsaga kwa Wakisii, tsisaka kwa Waluhya, na akeyo au dek kwa Wajaluo. Sokoni Gikomba mwuzaji hutamka majina matatu kwa pumzi moja ili asimpoteze mteja hata mmoja. Kiswahili cha Nairobi kimeshaamua kwamba mnavu ni managu, na sidhani kamusi zitaweza kukizuia. Hapo mwalimu wa Kiswahili, mwalimu wa Kilimo na Lishe na nyanya ya mwanafunzi wanakutana. Mtoto apande, kisha aulize nyumbani: mboga hii kwetu inaitwaje, ilipikwaje, ililiwa lini, nani hakuruhusiwa kuila? Arudi na majibu, yaandikwe kwenye kibao kando ya gunia.

Kazi hii si ndoto ya mwanaisimu tu. Kuanzia mwaka 2007 wanasayansi na jamii mbalimbali nchini walijitahidi kuorodhesha vyakula vya asili, yakakusanywa majina ya kienyeji ya mimea ipatayo 850, na wanafunzi wa shule za msingi wakashirikishwa katika mradi wa majaribio. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza juhudi hizo katika orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti kuonyesha kwamba mboga tulizozidharau kuwa chakula cha maskini zina lishe kubwa. Mwaka uo huo wa 2021 serikali ilifufua vyama vya 4K, vile vya Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Wazazi wenye umri wangu na kupita wanakumbuka jina hilo. Tatizo la vyama hivyo halikuwa jina.

Lakini tusijidanganye kwamba bustani hizi zitawashibisha watoto wetu. Hesabu yake haihitaji shahada. Shule yenye wanafunzi 1,000, kila mmoja akila gramu 100 za mboga kwa siku, huhitaji kilo 100 kila siku ya masomo. Magunia yote yanayoweza kusimama katika ua wa shule ya Kayole hayatatoa kiasi hicho hata kwa wiki moja. Kazi ya bustani ni kufundisha. Kazi ya kulisha ni ya mkulima, na hapa ndipo napenda tubishane.

Mwaka 2023 Serikali ya Kaunti ya Nairobi, ikishirikiana na shirika la Food4Education, ilianzisha mpango wa Dishi na County. Jikoni kubwa zimejengwa katika shule za umma jijini, na mzazi hulipa shilingi 5 kwa sahani ya mtoto wake, fedha nyingine zikitoka kwa kaunti na wafadhili. Ni jambo jema ambalo halistahili kejeli. Aliyefundisha saa nane mchana darasa lenye watoto walioshinda na njaa anajua tofauti yake. Swali langu ni la upande wa pili wa sufuria. Wali, maharagwe na ndengu zinazopikwa kila siku kwa maelfu ya watoto ni soko kubwa kuliko masoko mengi ya mikoani. Je, mkulima wa ekari moja wa Mwala, wa Matungulu, wa Kinangop au wa Mwea ana mlango wa kuliingia?

Kwa kawaida mlango huo ni zabuni, na zabuni huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Hudai tani nyingi kwa mkupuo mmoja, stakabadhi chungu nzima, na subira ya miezi kabla ya malipo. Mkulima mdogo hana subira hiyo, si kwa pupa, bali kwa kuwa karo ya wanawe haisubiri. Basi humwuzia dalali shambani, na dalali humwuzia mwenye zabuni. Faida huishia njiani. Brazil iliitatua shida hii kwa sheria ya mwaka 2009 iliyoagiza kwamba fedha za taifa za chakula cha shule zisizopungua asilimia 30 zitumike kununua mazao ya wakulima wa kifamilia, na kuulegeza utaratibu wa zabuni kwa ajili yao. Mwaka huo huo Kenya nayo ilianzisha mpango wa chakula cha shule kinachonunuliwa humu nchini, hususan kwa maeneo kame, na mwaka 2018 Shirika la Chakula Duniani likaukabidhi kikamilifu kwa serikali. Wazo tunalo basi, na uzoefu tunao. Tunachokosa ni kifungu cha sheria chenye kiwango kinachotajwa kwa tarakimu, na malipo ya siku chache kupitia vyama vya ushirika. Maziwa ya Nyayo, tuliyokunywa utotoni tangu mpango ule ulipoanza mwaka 1979, yalififia katika miaka ya 1990. Ukarimu wa kiongozi ukiondoka, kinachobaki ni kile kilichoandikwa katika sheria.

Wapo pia wakulima wa mjini humu humu, aghalabu akina mama wa Njiru, Ruai na kingo za mito, ambao kwa miaka mingi askari wa baraza la jiji waliyafyeka mahindi yao. Sheria ya kaunti ya mwaka 2015 ilikikubali na kukiwekea kanuni kilimo cha mjini. Mama kama huyo, endapo maji anayonyweshea ni safi, anafaa kualikwa darasani kufundisha kuotesha mbegu. Ni mwalimu asiye na cheti, naye aitwe Mwalimu mbele ya watoto.

Kwa wanafunzi wa vyuo vya ualimu watakaopangiwa mazoezi ya kufundisha Eastlands muhula wa kwanza: mchicha ukipandwa mvua za Machi zikianza huanza kuchumwa baada ya wiki chache tu. Anzeni na huo. Na bodi ya shule ikikutana kuhusu chakula cha mchana, mwalimu wa kilimo anyoshe mkono aulize maharagwe ya leo yametoka katika shamba la nani, na mwenye shamba amelipwa lini.