Mguu Mmoja, Magurudumu Manne

Mwaka 1978, huko Ujerumani ya Magharibi, Bosch na Mercedes-Benz walitoa breki za elektroniki zizuiazo magurudumu yasikwame. Je, mwenye Porsche 911 ya miaka ya 1970 azipachike, au ustadi wake watosha?

Gurudumu likikwama, gari huserereka na usukani haufui dafu. Dereva hodari hulegeza breki na kukanyaga tena. Lakini mguu mmoja huamuru magurudumu yote pamoja. Mtambo wa leo hupima kila gurudumu na kulegeza lile tu linaloelekea kukwama, mara kadhaa kwa sekunde.

Walakini, mtambo usiolinganishwa na uzito na matairi ya gari hilo ni hatari. Tena, mwendo ukiwa maradufu, masafa ya kusimama huwa mara nne. Kuchagua mwendo kungali kazi ya dereva.