Kutawazwa kwa Mambo Miongoni mwa Washona

Asikiaye neno "mambo" mitaani Nairobi huitikia "poa". Kwa Washona wa Zimbabwe, neno hilo hilo humtaja mfalme, naye hapatikani kwa wepesi.

Ieleweke kwamba kiti cha mambo aghalabu hakimwendei mwana wa kwanza. Kimila hupokezanwa na ndugu, kisha huhamia nyumba nyingine ya ukoo ule ule, kila nyumba ikiwa imechipuka kutokana na mmojawapo wa wana wa mwasisi. Kwa hivyo mambo afarikipo, wagombea huwa wengi, na kila mmoja huisimulia nasaba kwa namna inayomfaa. Pengine miaka hupita kiti kikishikiliwa na kaimu tu.

Hapo ndipo svikiro anapohitajika. Huyu ni mwanamume au mwanamke anayepandwa na mhondoro, yaani roho ya mtawala wa kale aaminiwaye kuwa mwenye ardhi na mleta mvua. Wazee hubishana na hatimaye hupatana, lakini jina walilolitoa halina uzito mpaka mhondoro aliridhie kwa kinywa cha svikiro. Ardhi ni ya wafu. Aliye hai huikalia kwa idhini yao.

Kusimikwa kwenyewe huandamana na pombe ya nafaka, ngoma na alama za mamlaka. Miongoni mwa alama za jadi ni ndoro, kipande cha kombe la konokono wa Bahari ya Hindi kilichofikishwa bara na wafanyabiashara, wakiwemo Waswahili wa Sofala. Mteule huchukua jina la kiti: atawazwaye Maungwe huitwa Makoni, kama waliomtangulia.

Ukoloni uliuvuruga utaratibu huu. Serikali iliwateua machifu, ikawalipa mshahara na kuwauzulu ilipotaka, hata wengi wakaonekana kuwa makarani wake. Si ajabu kwamba wakati wa vita vya ukombozi, katika miaka ya 1970, masvikiro wa bonde la Dande waliwapa wapiganaji baraka ambazo zamani zilikuwa za machifu.

Katiba ya Zimbabwe ya 2013 humpa Rais mamlaka ya kumteua chifu, kwa mapendekezo ya baraza la machifu wa mkoa na kwa kufuata mila za jamii husika. Siku ya sherehe, mteule huvishwa joho na kofia nyeupe ngumu iliyorithiwa kutoka enzi za Waingereza. Svikiro hakutajwa katika kifungu hicho; wazee humwendea usiku, kabla ya gari la waziri kufika.