Colt Python: Kwa nini ya zamani ni ghali kuliko mpya?

Jina moja, bei mbali kabisa. Ndivyo ilivyo kwa Colt Python, revolva ya risasi sita inayosakwa sana na wakusanyaji wa silaha Marekani.

Ilitoka mwaka 1955, ikitumia risasi za .357 Magnum. Mafundi walikuwa wakirekebisha vipuri vyake kwa mkono, kazi iliyokula muda na pesa. Uzalishaji ulikoma miaka ya 2000, kisha mwaka 2020 Colt ikaleta toleo jipya la chuma kisichoshika kutu kwa dola 1,499.

Hilo jipya bado linatengenezwa. Za zamani haziongezeki tena, ndiyo maana zilizotunzwa vizuri huuzwa ghali zaidi.

Mnunuzi anaangalia nini?

Mtutu: Inchi 4 na 6 ni za kawaida. Inchi 3 ni adimu, hivyo bei hupanda.

Rangi: Bluu inayong'aa kama kioo na nikeli ndizo zilizotangulia. Chuma kisichoshika kutu kilikuja miaka ya 1980.

Vitu vyake: Boksi na karatasi za kiwandani huongeza thamani.

Kosa kubwa ni kuipeleka kwa fundi ipakwe rangi upya. Itang'aa kweli, lakini kwa mkusanyaji si halisi tena na bei inashuka. Bora mikwaruzo ya miaka mingi kuliko mng'ao wa juzi.

Una shaka na muuzaji? Colt hutoa, kwa malipo, barua ya kumbukumbu inayoonyesha bastola ilivyotoka kiwandani.