Kijiji cha Oman kinachogawa maji kwa nusu saa

Ukipita maduka ya udi na ubani pale Kariakoo hukosi kuona chupa za marashi ya mawaridi. Leo twende kwenye mlima ambako waridi ni zao la biashara kabisa: vijiji vya Al Aqr, Al Ayn na Ash Shirayjah, juu ya Jabal Akhdar, Oman. Sisi wa Magogoni si wageni sana na nchi hiyo. Sultani Majid, aliyeanzisha Dar es Salaam miaka ya 1860, alikuwa wa ukoo wa Busaidi, wenye asili ya mji wa Adam, kusini mwa milima hiyohiyo.

Vijiji hivi vimening'inia ukingoni mwa korongo, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni kama milimita 300 tu kwa mwaka. Dodoma tunayoilalamikia inapita 500! Wazee wao walijenga kuta za mawe ngazi kwa ngazi, wakajaza udongo, wakapanda komamanga, jozi, vitunguu saumu na mawaridi. Waridi huchumwa kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei mwanzoni, asubuhi kabla jua halijakausha harufu, kisha huchemshwa na mvuke wake kukusanywa. Mwenye bustani hauzi ua, anauza chupa. Hapo ndipo pesa ilipo.

Ila bila mfereji wao, falaj, hakuna kitu. Oman bado ina mifereji hiyo zaidi ya 3,000 inayofanya kazi, na mwaka 2006 UNESCO iliingiza mitano kwenye Urithi wa Dunia, mmojawapo ukiwa Birkat al Mouz, chini ya mlima huu. Maji hushuka kwa mteremko, hakuna pampu wala bili ya dizeli. Kwanza ya kunywa, kisha msikiti, kisha mashamba, na miti ya kudumu hutangulia mazao ya msimu. Zamu hupimwa kwa athar, kama nusu saa hivi. Zamani mchana walisoma kivuli, usiku nyota. Wapare na ndiva zao wataelewa haraka.

Kilichonivutia zaidi: sehemu ya maji ni mali ya mfereji wenyewe. Hukodishwa, na fedha hiyo ndiyo husafisha na kuziba nyufa. Huku kwetu skimu ngapi zimekufa kwa sababu kila ukuta ukibomoka ndipo watu wanaanza kuchangishana?

Vita vya 1957 hadi 1959 vililetea mlima huu mabomu ya ndege za Waingereza, na matuta yakabaki yanalimwa. Siku hizi tatizo ni jingine: vijana wengi wameshuka mijini kwenye ajira, na jirani pale Wadi Bani Habib nyumba za zamani ni magofu.

Kikundi chenye mfereji, kikao kijacho jadilini hili moja: zamu ipi ya maji itakodishwa kwa ajili ya matengenezo, na nani atashika daftari.