Dar es Salaam hadi Songea: Umbali wa Angani na Muda wa Safari

Umbali kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, jijini Dar es Salaam, na uwanja wa ndege wa Songea, ulioko Ruhuwiko, ni takriban kilomita 580 ukipimwa kwa mstari wa angani, yaani njia fupi kuliko zote iwezayo kuchorwa juu ya uso wa dunia kati ya sehemu mbili. Marubani huuhesabu umbali huo kwa maili za baharini, ambazo kila moja ina mita 1,852, na kwa kipimo hicho safari nzima huwa na maili zipatazo 313. Msafiri wa basi anayepita Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe huenda karibu kilomita 950.

Sababu ya tofauti hiyo iko katikati ya njia. Mstari wa angani hukatiza bonde la mto Rufiji na nyika ya Selous, ambayo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na kwa kuwa hakuna barabara kuu inayoikatiza nyika hiyo, basi hulazimika kuizunguka kwa upande wa magharibi, likipanda mlima Kitonga kabla ya kugeukia kusini. Hata njia ya Lindi, Masasi na Tunduru ni mzunguko wa namna hiyo hiyo kwa upande wa pili. Kwa hiyo watu wa Ruvuma, mkoa ambao Songea imo, wametenganishwa na Dar es Salaam na pori kuliko walivyotenganishwa na kilomita, na ndiyo maana usafiri wa anga una uzito wa pekee kwao.

Muda wa kuruka hutegemea kwanza aina ya ndege. Dash 8 Q400, ndege ya pangaboi yenye viti 76 ambayo Air Tanzania ilipokea mbili za kwanza mwaka 2016, huweza kufikia mwendo wa kilomita 667 kwa saa ikiwa angani, na kwa mwendo huo kilomita 580 zingemalizika kwa dakika 52. Hesabu hiyo, hata hivyo, ni ya karatasini, kwani ndege hupaa na kushuka kwa mwendo mdogo zaidi, hujipanga kwenye njia ya kutua, na hutembea ardhini kabla na baada ya kuruka, mambo ambayo huifanya safari ipite saa moja. Upepo nao una sehemu yake, ingawa katika safari fupi kama hii si kubwa: ukivuma kilomita 40 kwa saa kutoka mbele, huongeza dakika tatu hivi, na ukivuma kutoka nyuma hupunguza kiasi hicho hicho.

Kinachobadilisha muda kwa kiasi kikubwa ni kituo cha njiani. Ndege ikipita kwanza Mtwara, huruka kilomita zipatazo 400 kisha nyingine 500, jumla inayokaribia urefu wa barabara yenyewe, tena hupaa na kutua mara mbili. Hata hivyo, mgonjwa wa Songea aliyepewa rufaa ya kwenda hospitali ya Muhimbili, jijini Dar es Salaam, huweza kufika kwa saa chache bila kuchoshwa na kona za Kitonga, na kwa mtu wa hali hiyo kila saa inayookolewa ina thamani kubwa.